Nyuzi Nyekundu za Kitabu Namba 17

Jumapili, tarehe 8 Juni

Zamu yangu imefika! Jumamosi ijayo mimi ndiye nitakayechagua kitabu. Sijatulia tangu asubuhi. Nimekula mkate mkavu nimesimama wima, kama mlinzi wa geti.

Niandike mambo yalivyo, maana kichwa changu siku hizi ni chujio. Tuko wasomaji sita. Tunakutana kila Jumamosi saa tisa dukani kwa Fundi Cherehani, katikati ya majora ya vitambaa na suruali ambazo wenyewe wamezisahau. Vitabu vyetu viko kwenye rafu yake. Kila kitabu kina kigwe nyuma, kikamba alichokishona yeye. Ukimaliza kusoma, unafunga uzi kwenye kigwe; ukirudia, unafunga mwingine. Mwekundu: nimekipenda. Mweusi: nimejuta. Mweupe: nimeshindwa njiani. Anayefuata anatazama nyuzi, anajua maoni ya wenzake, anachagua. Mdomo husema uongo, uzi hausemi.

Mwenye zamu anasoma sura ya kwanza kwa sauti, halafu kila mtu anafunga uzi palepale mbele ya watu. Nyeusi zikizidi, umechagua vibaya. Kitabu kitasomwa hivyohivyo mpaka kiishe, kipande kila Jumamosi baada ya zamu mpya, ili kosa lako likae mezani. Ukichagua vibaya mara mbili, zamu inafutwa. Unakuwa msikilizaji. Maisha!

Mimi nina kosa moja. Mwaka jana nilipenda picha ya jalada. Kuku mnene, ana uso wa mtu mwenye siri. Kumbe ni kitabu cha magonjwa ya kuku. Wiki sita tulisoma kuhara. Nesi mpaka leo haonji yai. Ndipo Fundi Cherehani akavivisha vitabu vyote karatasi ya kaki, ile anayokatia mitindo, akaviandika namba. Eti Bibi asije akadanganywa tena na sura ya kuku. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno ya mbele tu.

Mwenye kosa moja mwingine ni Mwalimu Mkuu. Huyo ni mkwe mwenzangu, mama wa mume wa binti yangu. Amestaafu shule, hajastaafu kusahihisha watu. Alichagua kitabu kinene kama tofali, Kinyozi akasinzia, akaanguka na benchi. Zamu yake inafuata yangu.

Nikinyang'anywa zamu, ndiyo basi. Jina nilipewa. Mume nililetewa. Nyumba niliikuta na sufuria zake. Kitabu ndicho kitu cha kwanza niliambiwa: haya, chagua mwenyewe. Siachii.

Kesho naomba maoni.


Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimeomba maoni. Majuto!

Kinyozi amesema nichague chenye sura fupi fupi, kama kunyoa: unakaa, unainuka, mwingine. Kabla sijatoka kwenye kiti chake akabadili, akasema chenye vita. Nesi amesema kitabu kisichokuliza ni sindano isiyo na dawa. Amesema hivyo huku anamdunga mtu, mtu analia, yeye hamtazami. Fundi Cherehani amesema chochote chenye herufi kubwa, macho yake yamekwishia kwenye matundu ya sindano. Alisema na pini mdomoni, kwa hiyo huenda alisema jambo lingine kabisa.

Watu watatu, maoni manne.

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu. Akasema kitabu kizuri ni kile kinachomtoa msomaji jasho. Nikamwambia jasho ninalo la kutosha, nimepanda ngazi zako. Akasema pia kitabu kizuri huanza polepole, na wasio na subira hukiona kibaya. Akanitazama alipofika hapo kwa wasio na subira.

Ni kweli yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu. Mezani jikoni kwake, mwaka mzima, anagonga meza kwa mwiko kila nikikosea. Namshukuru. Lakini hata shukrani inahitaji kupumzika.

Njiani nikapata akili. Hivi kwa nini nahangaika na zamu yangu peke yake? Yeye naye ana kosa moja! Akichagua vibaya wiki ijayo, nikianguka mimi tutakuwa sawa, nikisimama nitamzidi. Yeye huchagua kwa kuhesabu nyuzi nyekundu, kama anasahihisha mtihani. Kitabu chenye nyekundu nyingi, anakichukua bila kukifungua.

Basi nimpe nyekundu.


Jumanne, tarehe 10 Juni

Mambo yameiva!

Fundi Cherehani alikuwa anampima mteja kiuno, kiuno kipana, kazi ya dakika kumi. Nikaingia kwenye rafu. Nikatafuta kitabu kibaya kuliko vyote. Nikakipata chini kabisa, kina vumbi la miaka: Namba 17. Nikafungua ukurasa mmoja. Unahusu bomba la inchi nne kuungana na bomba la inchi sita. Macho yakaanza kufumba nikiwa nimesimama. Safi sana!

Kwenye kigwe kulikuwa na uzi mmoja tu, na mwekundu. Nikasema huyu aliyefunga haoni rangi, maskini.

Tatizo: nyuzi Fundi anazifungia kwenye kopo, anampa mtu mmoja mmoja kama dawa. Mwekundu ningeupata wapi? Nikatazama mkono wangu. Sweta langu! Jekundu kama pilipili. Binti yangu alinifumia mwenyewe. Nikavuta ncha kwenye kifundo cha mkono wa kulia, nikakata kwa meno, nikafunga. Tano. Pamoja na ule wa maskini, sita. Nyuzi zangu ni nene na zina manyoya kidogo. Nani atatazama?

Kitabu nikakiweka mbele, usawa wa macho ya Mwalimu Mkuu.

Jioni binti yangu akauliza mbona mkono mmoja wa sweta umekuwa mfupi. Nikamwambia mikono yangu imekua. Akanyamaza. Huwa ananyamaza hivyo kabla ya kumpigia simu mama mkwe wake.


Jumatano, tarehe 11 Juni

Mtego bila harufu haunasi. Leo nimezunguka kutoa harufu. Kila mtu nimemwuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: una maoni gani kuhusu Namba 17? Nilitaka waseme hawakijui, nami niseme mbona kina nyuzi nyingi hivyo, neno lisambae, limfikie mkwe.

Kilichotokea sikukitarajia.

Kinyozi akasema loo, Namba 17! Kile! Alicheka mpaka machozi pale katikati. Nikauliza wapi katikati. Akasema pale pale, Bibi, unapajua, asiniharibie.

Nesi akasema hicho kilimliza siku mbili. Hasa mwisho. Akashika kifua.

Fundi Cherehani akatoa pini mdomoni kwa heshima. Akasema yule mhusika mkuu anamkumbusha marehemu baba yake: mgumu, mnyoofu, haonekani lakini nyumba nzima inamtegemea.

Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini. Waongo wakubwa hawa! Wameona nyuzi tu. Hakuna hata mmoja aliyefungua. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka uji ukaungua.

Nikaongeza nyuzi mbili kabla duka halijafungwa, kwa furaha. Mkono wa sweta sasa uko katikati ya kiwiko na kifundo. Ukishaanza kufumuka hausikii la mtu.


Alhamisi, tarehe 12 Juni

Jambo la ajabu. Nimehesabu kigwe cha Namba 17. Zangu saba, wa maskini mmoja, nane. Lakini nimehesabu kumi na moja! Nimehesabu mara tatu, na kidole, na miwani. Tatu si zangu. Nyembamba, laini, uzi halisi wa cherehani. Na nje ya zamu, Fundi hatoi uzi mwekundu kwa mtu ambaye hajamaliza kitabu.

Nimekaa juu ya jora la kitambaa, nimefikiri.

Huenda wamekisoma kweli?

Mimi nilisoma ukurasa mmoja. Nani humpima mtu kwa kumwona mlangoni? Labda yale mabomba ni mwanzo tu. Labda mwenye bomba la inchi nne anampenda mwenye bomba la inchi sita, na wazazi wamekataa. Si Mwalimu Mkuu mwenyewe alisema kitabu kizuri huanza polepole? Mmoja kalia, mmoja kacheka, mmoja kamwona baba yake. Kitabu kimoja! Mimi sijawahi kusoma kitabu kilichonifanyia hata moja kati ya hayo, ukiacha kile cha kuku, ambacho kilinifanya nilie kwa aibu.

Nikamwuliza na Fundi Bomba. Huyu ni wa sita wetu. Kila kitabu chake kina uzi mweupe, hajawahi kumaliza hata kimoja. Nilimkuta kichwa chini ya sinki la jirani, nikazungumza na miguu yake. Namba 17? Miguu ikachezacheza kwa furaha. Akasema hicho amekisoma mara tatu. Ndicho kilichomlea. Ndicho kimelisha watoto wake. Hata kwenye rafu ni yeye aliyekileta.

Mwongo mkuu kuliko wote! Kitabu kinalisha watoto? Hata hivyo, sauti yake ilitetemeka. Mtu hadanganyi na sauti ya namna ile akiwa chini ya sinki.

Nimechanganyikiwa. Nimekunywa chai bila majani nikaja kugundua kikombe kimekwisha.


Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nimeamua. Namba 17 ninakichagua mimi.

Ndiyo! Nilikiandaa kwa ajili ya mkwe, lakini kitu kizuri namna hii nimwachie yeye kwa nini? Afaidi yeye, nibaki msikilizaji mimi? Nyuzi kumi na moja nyekundu! Hakuna kitabu kwenye rafu ile kinachofika nane.

Dhamiri ilinisumbua kidogo kuhusu zile saba. Nikaiambia: hata ukizitoa, zinabaki nne. Nne za haki. Ikanyamaza.

Kwa uhakika nikaenda kumwuliza Mwalimu Mkuu naye maoni yake. Alikuwa anamenya viazi. Nikasema, mkwe, hiki Namba 17 unakionaje? Akaweka kisu chini. Akautazama mkono wangu wa kulia, ambao sasa sweta linaishia kwenye kiwiko. Akatazama mkono wa kushoto, mzima. Akarudi kwenye wa kulia. Akasema ni kitabu chenye kina.

Nikauliza ana hakika. Akasema kina kirefu. Akachukua kisu, akaendelea. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nadhani ni viazi, vilikuwa vigumu.

Basi. Mwalimu Mkuu kakisifu, imekwisha. Huyu mtu hajawahi kusifu kitu tangu nimfahamu. Siku ya harusi ya watoto wetu alisema hema limesimama vizuri, akaishia hapo.

Sitakifungua mpaka kesho. Nataka nilie pamoja na wenzangu.


Jumamosi, tarehe 14 Juni

Niandike haraka, kabla chujio halijavuja.

Saa tisa, wote sita. Nikasimama. Nikasema kwa sauti: Namba 17. Wote wakaitikia eeeh, chaguo zuri, Bibi kakomaa. Nikavaa miwani. Nikafungua. Nikasoma jina la kitabu, neno kwa neno, kidole chini ya mstari.

Mwongozo wa Mabomba na Mifereji ya Maji Machafu. Toleo la Pili.

Pini zikamtoka Fundi Cherehani mdomoni, nne, nilizisikia moja moja zikigonga sakafu. Kinyozi akatazama dari. Nesi akashika kifua, safari hii kwa dhati. Fundi Bomba peke yake akapiga makofi.

Nikaona zamu yangu inaondoka kupitia mlango wa nyuma. Lakini sheria ni sheria, sura ya kwanza lazima isomwe. Nikaendelea. "Maji machafu hufuata mteremko. Pasipo mteremko, hapana mwendo." Nikapumua. "Kila uchafu una njia yake. Ukiuzibia njia hii, utatokea nyingine, mara nyingi jikoni."

Fundi Bomba hakuweza kukaa. Akaruka, akasema hapo, hapo hapo! Akaanza kueleza. Mfereji wa Kinyozi aliuzibua mwaka juzi, nywele zilizotoka zilikuwa kubwa kama mbuzi, mtoto wa jirani akazikimbia. Kinyozi akasema hayo ni mambo ya kazini. Kwenye bomba la Nesi akatoa pete ya ndoa, ile ambayo mumewe aliambiwa imeibwa sokoni. Nesi akasema nyamaza wewe! Fundi Cherehani alicheka hadi akakalia pasi. Kwa bahati ilikuwa ya baridi.

Tukacheka sisi! Watu wa barabarani wakaingia kuuliza kuna nini. Nikasoma ukurasa mwingine, Fundi Bomba akaeleza mwingine. Yule mtu hakusoma mara tatu, anakijua kwa moyo. Ule uzi wa maskini asiyeona rangi ulikuwa wake. Ndiyo uzi wa kweli pekee kwenye kigwe kile; saba ni za sweta langu, na zile tatu nyembamba ni za waongo wangu watatu. Nikampa kiti changu.

Ikafika saa ya nyuzi.

Hapo nikavua miwani na kuwatazama wote. Nikamwambia Fundi Cherehani: baba yako ni yupi humu, bomba la inchi nne au la inchi sita? Akaokota pini moja sakafuni. Akasema la inchi sita. Nikamwambia Nesi anionyeshe mahali alipolia. Akasema kwenye kiungo. Kinyozi sikumwuliza. Alikwishapokea uzi mwekundu, anaufunga haraka haraka huku anatazama dirishani.

Mwekundu. Mwekundu. Mwekundu. Wangefanyaje? Mtu aliyelia siku mbili kwa kitabu afunge mweusi?

Fundi Bomba akafunga wa pili, akasema huu ni wa sura.

Akabaki Mwalimu Mkuu. Alisimama na nyuzi mbili mkononi, mwekundu na mweusi. Akakichukua kigwe. Akazishika nyuzi zangu, moja moja, kwa kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayenunua kitambaa. Akautazama mkono wangu usio na sweta. Nikauficha mgongoni. Sijui kwa nini niliuficha, mkono mzima wa mtu mzima!

Akafunga mwekundu. Akasema kwa sauti ya darasani kwamba kitabu kina kina.

Zamu yangu imebaki!!


Jumapili, tarehe 15 Juni

Mwalimu Mkuu amekuja asubuhi, bila hodi ya maana. Ana sindano za kufumia na donge la sufu nyekundu. Akasema lete mkono. Akanikalisha, akaanza kunifumia sweta nikiwa ndani yake.

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu Jumanne, binti yangu alimpigia simu, na Jumatano akaenda akakigusa kigwe. Akasema uzi wa cherehani hauna manyoya, na kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia huu haukuwa kisima, ulikuwa mfereji. Akanichoma na sindano, kidogo.

Nikamwuliza kwa nini basi hakufunga mweusi. Mtego niliutega kwa ajili yake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha. Akafuma mstari mzima. Akasema hakugonga meza mwaka mzima, mpaka mwiko ukavunjika, ili mimi nije kukaa kwenye benchi nisikilize watu. Akasema nisogee mwangani, anakosea mishono.

Nilimpa kikombe changu kizuri, kile kisicho na ufa. Anaelewa.

Alipomaliza, mkono ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa vidole viwili. Sikumsahihisha. Halafu akakohoa. Akasema, mkwe, Jumamosi ijayo zamu yangu, na kosa moja ninalo, unajua. Nina Namba 23, safari hii sikuhesabu nyuzi. Nipe maoni yako, lakini maoni ya kweli.

Nikamwambia Namba 23 ni kizuri mno. Kinaanza polepole, halafu kinakuliza. Sijawahi hata kukigusa.

Ameondoka amefurahi, ameondoka pia na donge la sufu. Nikapitia dukani nikatazama kigwe. Namba 23: nyeusi tatu, nyeupe mbili. Nyekundu hakuna hata moja ya dawa! Na yeye anataka kukisimamia mbele ya watu, mzee mzima, mstaafu. Wamfanye msikilizaji? Mkwe wangu mimi? Thubutu!

Nimewauliza Kinyozi na Nesi, kwa sauti ya kusikika, wana maoni gani kuhusu Namba 23. Kinyozi amesema loo, kile!

Nyuzi sita zitatosha, tuseme nane.

Mkono wa kushoto bado mzima.